Dirisha la Kushoto, Nyuma ya Bawa

Ndugu zangu walimu wa hapa Kiomboi, tangu nirudi kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake. Mmoja alitaka kujua kama ndege inatikisika kama lori. Mwingine aliniuliza kama mawingu yanalowesha. Mpishi wetu yeye aliuliza tu, "Na kaka yako, Mwalimu?" kisha akaendelea kupepeta uwele kabla sijajibu. Nimeona niwaandikie yote kwa pamoja. Habari za vibali na tiketi nitaziacha, maana zinachosha na hazimfundishi mtu kitu. Nitaanzia safari ilipoanzia, nayo ilianzia juu ya paa.

Kutoka Sepuka hadi Singida, juu ya kitanda

Baadhi yenu mmetoka Bukoba na Tanga, hamjawahi kulala kwenye tembe, kwa hiyo vumilieni nieleze kidogo. Paa la tembe halina mgongo. Limelala sawa kama meza. Hupangwa magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito majani, na juu ya yote udongo uliokandwa kwa maji. Ukisimama nje, paa la nyumba yako mwenyewe hulioni. Unaona ukuta na ncha za magogo, basi.

Kaka yangu Ntandu alikuwa anajenga nyumba mpya kijijini kwetu Sepuka. Alikuwa amebakiza kona moja, upande wa zizi, tundu ambalo ndama angeweza kupita. Alikanyaga gogo ambalo halijafungwa, likazunguka, akaanguka ndani ya nyumba, na gogo likamfuata likamkuta ubavuni. Hakuvunjika mfupa. Ila baada ya siku chache tumbo lilianza kuvimba na kuwa gumu.

Majirani walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wakipokezana mabega. Aliyekuwa mbele muda mwingi ni Mughenyi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa maneno mengi.

"Ntandu, ulikula nini? Mzito kama dume la mahari!"

"Nilikula ule mtama wako uliosema umemalizwa na kwelea," Ntandu alijibu akiwa amelala, na waliombeba wakacheka mpaka kitanda kikayumba, akaguna kwa maumivu. Baada ya hapo hakuna aliyetania tena. Tulitembea hadi barabara kubwa tukapata lori la magunia ya karanga, na kila shimo la barabara lilimtoa kaka yangu jasho.

Hospitalini Singida daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Alisema panahitajika mpasuaji wa Dar es Salaam, na kwamba akienda kwa lori hadi kwenye reli atafia njiani. Ilikuwepo ndege ndogo iliyopitia Singida na barua na mabwana wa serikali. Nafasi mbili zingepatikana.

Ntandu akakataa.

"Siendi."

"Kwa nini, kaka?"

"Paa."

Nilidhani homa imempanda. Lakini akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. "Mvua ikikuta tundu lile," alisema, "maji yatashuka moja kwa moja kwenye vilindo vya nafaka. Mtama wote wa mwaka utaota humo humo. Watoto watakula nini? Mimi nimelazwa, Mama Kisuda ana kichanga mgongoni. Nani atapanda juu?"

Mama Kisuda, mke wake, alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda. Mughenyi ndiye aliyejibu.

"Nenda, ndugu yangu. Paa tutalimaliza kabla ndege yako haijaruka."

"Ahadi za Mughenyi! Mpaka nilione kwa macho yangu."

Hapo ndipo mimi nikasema neno lililozaa mambo yote yaliyofuata. Nilimwambia kwamba ndege hiyo kutoka Singida huenda kwanza Tabora, na njia yake hupita karibu na Sepuka. Akanigeukia polepole.

"Unasema nitaliona paa langu kwa juu?"

"Utaliona."

"Mwanadamu aliona wapi paa la tembe kwa juu, isipokuwa aliyesimama juu yake?" Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, niliona uso wake umelegea. "Basi nipeleke. Nikiona limefunikwa, wanikate wapendavyo."

Tukakubaliana hivi. Kwa kuwa tembe ukiliangalia kwa mbali halitofautiani na ardhi, Mama Kisuda ataanika mtama mwekundu juu ya paa, duara moja kubwa. Tukiona duara jekundu, ndiyo nyumba yetu, na hapo kaka ataangalia ile kona. Shemeji yangu akafunga mtoto mgongoni, akamshika mumewe kisigino, akaondoka na Mughenyi kurudi Sepuka.

Uwanjani, kusubiri

Ndege haikuja siku iliyosemwa. Haikuja na iliyofuata. Kila asubuhi tulimpeleka Ntandu kwa gari la hospitali mpaka uwanjani, ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi zilizokatwa, mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo, na wachungaji waliokuwa wakifukuzwa pamoja na ng'ombe wao. Kila jioni tulimrudisha. Dada yetu aliyeolewa Utemini alituletea kuku wa kuchoma na ugali wa mtama. Kuku nilimla mimi. Kaka alikunywa uji wa uwele vijiko viwili vitatu, kisha akageuza uso.

Aliyetusaidia katika kusubiri huko ni Bwana Jiwani, Mhindi mwenye duka la nguo mjini, ambaye alikuwa akingojea mzigo wake. Aliwahi kupanda ndege kama hiyo kwenda harusini Mwanza. Nilimwomba anieleze mahali pazuri pa kukaa mtu anayetaka kuona chini. Alifurahi sana kuulizwa. Akaokota kijiti akachora ndege kwenye vumbi.

"Sikiliza, Mwalimu. Hii ndege ina bawa la juu na bawa la chini. Kila kiti kina dirisha, sawa? Watu wanakimbilia mbele. Makosa! Ukikaa mbele utaona bawa tu kutoka hapa mpaka Tabora. Kaa nyuma kabisa. Hapo chini pako wazi."

"Kulia au kushoto?"

"Unataka kuona nini?"

"Sepuka."

Akakuna kidevu. Tukalifanya kama hesabu ya darasani, nami nawaandikia ili iwafae siku moja, maana zamu yenu nayo itafika. Kwanza jiulize ndege inaelekea wapi. Tabora iko machweo. Pili jiulize unachotaka kukiona kiko upande gani wa njia. Sepuka iko kusini ya njia hiyo kidogo, na mtu anayeelekea machweo kusini kwake ni mkono wa kushoto. Tatu, jua. Asubuhi jua lingekuwa nyuma yetu, halitatupiga machoni, tena lingeangaza mapaa. Kwa hiyo kushoto, nyuma ya bawa. Na Bwana Jiwani akaongeza la nne: "Chukua kitambaa ufute kioo. Watu wanatapika humo."

Nilimrudia Ntandu nikamweleza. Akarudia kama mtoto anayetumwa dukani: "Kushoto, nyuma ya bawa." Baada ya hapo kila nilipomwuliza hali yake alijibu hivyo hivyo, "Kushoto, nyuma ya bawa," na sauti ilikuwa ikipungua kila siku. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba tutampakia maiti.

Kutoka Singida hadi Tabora

Ilikuja hatimaye, ikaruka juu ya ng'ombe mara mbili kabla ya kutua. Tulipomwingiza Ntandu kwa kumwinua mabegani, kiti chetu kilikuwa na mtu. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye kofia ya majani, alikuwa amekaa pale pale, kushoto nyuma. Mnajua mambo yalivyo. Mwafrika hamwambii Mzungu ahame.

Tulimketisha kaka kwenye kiti cha upande wa pili. Yule mama alimtazama, akaona tumbo, akaona macho yanavyohangaika kuelekea dirishani kwake, akadhani anaogopa. Aliinuka haraka, akavuta pazia dogo la dirisha la kaka likafunika kioo, kisha akavuta na la kwake. Akampigapiga mkono kwa huruma. Kwa Kiingereza akaniambia, "Mwambie asiogope. Hataona chochote."

Sijui kama nimewahi kutendewa wema mbaya kuliko ule. Ntandu aliniuliza kwa Kinyaturu, "Amefunga kwa nini? Nimemkosea nini?"

Mashine zilikuwa zimeanza kunguruma. Nikamwinamia yule mama, nikajitahidi kwa Kiingereza changu cha shule, polepole kama ninavyowafundisha watoto. Nilimwambia kwamba huyu ni kaka yangu, haogopi. Alianguka akijenga nyumba. Huko mbele tutaipita, na amekubali kusafiri kwa sababu moja tu, aione kama imefunikwa.

Alinitazama. "Ipo upande gani?"

"Upande wako, mama."

Akasimama na ndege imeshaanza kujongea. Rubani alimpigia kelele aketi. Tulibadilishana huku tunapepesuka, nikamwegemeza Ntandu kwa mito dirishani, nikafuta kioo kwa kitambaa kama nilivyoagizwa. Nami nikapiga magoti nyuma yake, kwa kuwa kiti changu kilikuwa mbali.

Mmeniuliza inavyokuwa. Ardhi haipungui, inaanguka. Mji wa Singida ulizunguka chini yetu, na yale mawe makubwa tunayoyazoea yalikuwa kama kuku waliojikunyata. Maziwa ya Kindai na Singidani yaling'aa, kingo zake nyeupe kwa chumvi, na heroe, wale ndege wa ziwani, mstari mmoja mwekundu hafifu majini. Ningependa kusema nilifurahi. Nilikuwa nikitazama kisogo cha kaka yangu kilivyolowa jasho.

"Bado?"

"Bado, kaka."

Mashamba yaliyovunwa, rangi ya ngozi ya simba. Korongo kavu la mchanga ambalo nililijua. Baada ya korongo, nyumba zetu.

"Tafuta nyekundu," nilisema.

Akabandika paji la uso kwenye kioo. Nami nikaangalia juu ya bega lake. Kila paa lilikuwa jekundu. Nyumba ya Mughenyi, nyumba za upande wa kisima, nyumba za ng'ambo ya njia, hata vibanda vya mbuzi. Duara jekundu, duara jekundu, duara jekundu, kama mtu amemwaga sarafu za shaba kwenye majivu.

"Yakobo," kaka aliniita. "Wameificha."

Lazima nieleze hapa, kwa maana yule mama naye aliniuliza na sikuweza kumjibu vizuri. Kwa watu wa upande wetu, nyumba yenye mgonjwa haiwekewi alama. Ukiitofautisha na nyingine umeuonyesha msiba mlango wa kuingilia. Ndiyo maana mtu akiugua sana na mke wake akaacha kufagia ua, majirani nao huacha. Mama Kisuda alipopanda na mtama wake, majirani waliona jambo la hatari, nyumba ya mgonjwa imewekewa doa linaloonekana hadi mbinguni. Hawakumkataza. Kila mmoja alitoa mtama wake akapanda juu.

Walimficha kaka yangu asionekane na kifo, wakaificha nyumba asiione yeye.

Ndege haisubiri. Mapaa yalianza kurudi nyuma yetu. Nilitaka kumlilia rubani ageuze. Lakini Ntandu alikuwa ameinua kidole kimoja, anakigusisha kwenye kioo, paa baada ya paa, midomo inachezacheza. Alipita yote mpaka la mwisho lilipomezwa na mkia wa ndege. Kisha akajiegemeza.

"Hakuna tundu," alisema.

"Kaka?"

"Hakuna hata moja lenye tundu. Yote mazima. Sihitaji kujua langu ni lipi." Akafumba macho. "Mughenyi yule, mdomo mkubwa, lakini amefanya."

Yule mama aliuliza kama ameiona. Nikasema ameiona. Akatoa kwenye mfuko wake mkate uliokatwa vipande vyenye nyama baridi katikati, akatugawia. Ntandu alikula kipande kizima. Hicho ndicho chakula cha mwisho nilichomwona akila kwa hamu.

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam

Tabora tulikaa chini ya bawa kungoja mafuta, nikanunua karanga. Tuliporudi ndani Ntandu alimwashiria yule mama arudi kwenye dirisha lake. Yeye mwenyewe alikwisha kuona. Kutoka hapo hadi Dodoma, na Dodoma hadi pwani, hakutazama nje tena, na mimi pia nilitazama mikono yangu. Kuhusu mawingu, ndugu yangu uliyeuliza: hayamloweshi mtu. Ni ukungu, na ndani yake ni giza na baridi.

Walimpasua siku ya pili. Mpasuaji alitoka akanieleza kwa ufupi kwamba uchafu ulikuwa umeenea ndani muda mrefu. Hakusema habari ya zile siku za kusubiri uwanjani. Hapakuwa na haja.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mtoto wa Mzee Pazi, Mzaramo, na mzee mwenyewe alikaa hapo siku nzima na kikapu cha mihogo ya kuchemsha.

"Nyie watu wa bara," aliniambia, "nasikia mnalala chini ya udongo kama panya buku."

"Ni kweli, mzee. Na nyie mnalala chini ya majani kama kuku."

Akacheka, akanimegea muhogo. Ntandu alitusikia. Akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Mzee, mwambie ukweli. Makuti yanavuja?"

"Yanavuja, mwanangu. Kila mwaka."

"Langu halivuji," alisema Ntandu. Alitabasamu, kisha homa ikamchukua. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, mkono wake uko mkononi mwangu, na sikujua ni wakati gani hasa ulipoacha kuwa wake.

Waliniuliza dini yake ili wajue pa kumzika. Kaka hakuwa ameingia dini yoyote. Nilisimama pale kwenye varanda hadi Mzee Pazi aliposhika kiwiko changu akasema, "Mtu ni mtu. Twende." Yeye na vijana wa kwao walichimba. Ardhi ya Dar es Salaam ni mchanga, haisimami, kuta za kaburi zilikuwa zikimomonyoka tunapochimba. Nilifikiri jinsi ambavyo asingependa udongo wa namna hiyo. Haufai kwa kuezeka.

Kwa reli na lori, kurudi

Sikuwa na sababu ya kupanda ndege tena. Nilipanda garimoshi daraja la tatu na blanketi la Ntandu nimelikunja magotini. Mama mmoja wa Kigogo aliyekaa mbele yangu alilitazama blanketi, akanitazama, hakuuliza. Kila stesheni alinunua kitu akanigawia: yai, muwa, kipande cha sega la asali. Manyoni niliposhuka aliniambia tu, "Pole, mwanangu," na hapo ndipo nilipolia, katikati ya watu wanaouza kuku.

Kutoka Manyoni ni lori, vumbi, na pancha mbili. Dereva alinikalisha mbele. Kila alipotaka kuzungumza nilimwitikia vizuri, na kila alipomaliza tulikuwa bado mbali.

Sepuka

Walioniona kwanza ni wanawake waliokuwa wakichimba maji kwenye mchanga wa korongo. Waliona niko peke yangu, wakaona blanketi. Sikuhitaji kutamka. Kilio kilinitangulia nyumbani.

Jioni, sauti zilipochoka, Mama Kisuda alikuja kukaa mbele yangu.

"Shemeji. Aliona?"

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Mapaa mekundu. Kidole kwenye kioo. Nikamwambia maneno yake, hakuna tundu. Nilidhani nampa kitu cha kushika. Lakini alimtazama Mughenyi, na Mughenyi, ambaye sijawahi kumwona kakosa neno, akatazama chini.

"Njoo," shemeji aliniambia.

Akanipandisha kwa gogo la kupandia. Duara la mtama lilikuwa bado pale, limedonolewa na kwelea. Alipiga magoti kwenye kona ya upande wa zizi, akashika kitu ukingoni, akainua. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, ngozi nzima, imepakwa vumbi juu na kutawanyiwa mtama. Chini yake tundu lilikuwa pale pale. Niliona vilindo, na jiko, na kichanga kimelala.

"Kisima kilikauka, Mwalimu," Mughenyi alisema kutoka chini, bila kuulizwa. "Udongo bila maji haushiki. Kila siku tulisema kesho. Na kila siku tulisikiliza kama ndege inakuja. Sikutaka aone tundu jeusi."

Shemeji alibaki ameshika ile ngozi.

"Alisema hakuna tundu?"

"Alisema hivyo."

"Basi tusimfanye mwongo."

Kwetu nyumba ya matanga haijengwi. Kila mtu anajua, na wazee waliokuwa uani walijua. Hakuna aliyetuzuia. Asubuhi wanawake walipanga mstari kutoka korongoni na vibuyu vya maji waliyoyakomba mchangani, maji ambayo ng'ombe hawakunywa siku hiyo. Mughenyi alikanda udongo kwa miguu tangu jua linachomoza, analia na kukanda. Mimi nilibeba. Tulifunga gogo lililomwangusha kaka, tukalifunga mara tatu, kisha tukapanga fito, majani na udongo kidogo kidogo kwa pamoja, kutoka pembeni kuja katikati.

Mama Kisuda hakuwa nasi juu. Alikuwa amesimama ndani, chini ya tundu, mtoto mgongoni, anatuangalia. Nilimwona akipungua kwa kila karai, kwanza mabega yakapotea, kisha kidevu, mwisho macho. Nikabandika tonge la mwisho la udongo, nikalilaza kwa kiganja.

Kutoka gizani chini yetu tukamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuna tundu."